Siku Msichana Alipotema Waini

Goti langu la kushoto lilikuwa limekataa tangu asubuhi. Nililiambia, wewe, leo tunaenda kisiwani, likanijibu kwa kuuma. Nikakaa kitandani na soksi moja mkononi, nasikiliza nyumba. Binti yangu alikuwa jikoni anatafuta miwani, na yeye akitafuta kitu anaongea nacho kama anaongea na mgonjwa wake: "Sasa uko wapi, ee? Tulia tu, usiogope, tutakupata." Ni nesi kule hospitali kubwa ya Flemingsberg, Stockholm. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, akabadilisha nguo, hata kitanda hakukigusa. Mimi nimechoka na uzee, yeye amechoka na kazi, na tulikuwa tunaenda kuonjeshwa waini.

Aliyetualika ni mama ya kijana. Kijana ni Mswidi, ndiye anayetaka kumuoa mjukuu wangu, huyu msichana wa binti yangu. Harusi ilikuwa iwe mwisho wa kiangazi hichohicho, ukumbi umeshakodishwa, gauni limeshashonwa. Basi mama ya kijana akasema tufahamiane kwanza, akatulipia wote kwenda kuona mahali fulani pa zamani pa kutengeneza waini, kisiwani, karibu na nyumba yake ya kiangazi. Wenzetu hapa hawakualiki nyumbani haraka. Wanakualika kwanza mahali penye mtu wa kueleza.

Mimi harusi hiyo nilikuwa naingoja kuliko bibi harusi. Nililetwa huku kulea huyu msichana akiwa mdogo, nikaambiwa ni kwa muda. Muda wa watu wa Ulaya ni mrefu. Mtoto akaingia shule, mamake akaingia zamu, mimi nikaingia kuosha ngazi za majumba Tensta, na baba yake akarudi Kenya kusalimia watu, akasalimiwa na mwanamke mwingine, akabaki hukohuko. Tukabaki wanawake watatu Hässelby, mwisho wa treni. Huyo baba alikuwa mtu wa Magharibi ya Kenya, sisi ni watu wa miteremko ya Mlima Kenya, kwa hivyo nyumba yetu ikawa ya Kiswahili, na mtoto akawa wa Kiswidi. Ukimuuliza kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiswidi, ila akitaka pesa.

Tulikuwa tumekubaliana: huyu akiolewa, mimi nakatiwa tiketi naenda nyumbani. Sitaona Novemba nyingine. Wewe kama hujaona Novemba ya Stockholm usiniulize. Unaamka ni giza, unakunywa chai ni giza, ukitoka dukani na maziwa ni giza, na mtu anakusalimu "hej" kama mtu anayepumua kwa bahati mbaya. Nyumba yangu huko nyumbani ina mabati mazuri na haina mtu.

Sasa kulikuwa na jambo moja. Kwetu msichana haendi hivihivi. Wageni wanaleta pombe, inawekwa katikati, na hakuna anayeigusa. Msichana anaitwa. Anaulizwa mbele ya watu wote: hii pombe ya hawa watu, tunywe? Akiwa anataka, anachukua kikombe, anaonja yeye kwanza, anampa mzee wake, na mzee akimeza imekwisha, huyo ni mke wa watu. Asipoonja, wageni wanabeba mitungi yao wanarudi nayo, na hakuna ruhusa ya kumuuliza kwa nini. Siku hizi waliookoka wanatumia soda, lakini kuonja ni kuonja. Na msichana hafundishwi mapema. Hapo ndipo penyewe. Ukimwambia kabla cha kufanya, umemjibia wewe.

Wiki ile ya kualikwa, tukampigia kijana wangu mkubwa aliye nyumbani, juu ndiye mjomba na ndiye anasimama mahali pa baba. Yeye simu anaiongelesha kama anaita ng'ombe ng'ambo ya mto.

"Mama. Unanisikia, mama. Hiyo pombe itakuwepo?"

"Itakuwepo. Ni kiwanda kizima."

"Na yenyewe ni ya watu wa kijana?"

"Mama yake ndiye analipa."

"Na msichana atakuwepo?"

"Si ndiye dereva wetu."

"Basi mnataka nini kingine. Pombe iko, mama wa kijana yuko, msichana yuko, na wewe ni mzee kuliko wazee wote wa hapa. Aulizwe hukohuko. Akionja, unakunywa, unanipigia, naita wazee, nachinja. Asiambiwe, lakini."

"Mimi nimeolewa kabla hujazaliwa," nikamwambia, "usinifundishe."

Hata binti yangu, ambaye ni mtu wa kusomasoma makaratasi, akafurahi. Akasema, mum, afadhali, juu kila mtu amepanga hii harusi na hatujafanya hata kitu kimoja cha kwetu.

Basi tukaenda. Msichana anaendesha, kijana amekaa mbele kando yake, mimi na binti yangu nyuma. Huyu kijana sina neno baya juu yake, na nimetafuta. Mrefu, mpole, masikio yanakuwa mekundu ukimwangalia. Ananiita mormor, ndiyo shosho, nyanya mzaa mama, kwa lugha yao, na kila tukipita tuta anageuka: "Mormor, uko sawa? Mormor, nifunge dirisha?" Mimi ninamwigiza hivyohivyo, shingo mbele kama twiga anayeomba radhi, na msichana huwa anacheka mpaka analia. Siku hiyo nikamwigiza kimyakimya kule nyuma, nikamuona msichana kwa kioo. Hakucheka. Alitabasamu na mdomo tu, akarudi kwenye barabara.

Nikamnong'oneza binti yangu: "Mtoto amenyamaza."

"Anaendesha, mum."

"Mimi nimemlea. Hiyo si ya kuendesha."

Lakini binti yangu alikuwa ameshalala, mdomo wazi.

Tukavuka daraja, tukavuka lingine, tukafika kwa ile feri ya njano ambayo unaingia na gari lako na hulipi kitu. Maji yalikuwa yametulia kama ya kufulia. Ng'ambo tukapanda kilima, na pale juu ilikuwa nyumba kubwa ya rangi ya maziwa, ya mabwana wa zamani, na nyuma yake stoo ya mawe iliyochimbwa ndani ya ardhi. Mama ya kijana alikuwa ametangulia kwa miguu kutoka kwa nyumba yake. Mwanamke mwembamba, nywele zimekatwa kama za mwanafunzi wa bweni, ameshika mikono nyuma. Huyu ni mtu wa kaskazini, na watu wa kaskazini hawasemi ndiyo kama wewe na mimi. Wanaivuta ndani. Unamuuliza, safari ilikuwa nzuri? Anafanya "hhup," kama mtu aliyeunguzwa na uji. Mara ya kwanza kumsikia nilitaka kumpiga mgongoni.

Wa kutuzungusha alikuwa msichana wa aproni, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemwamsha mtoto wa mwenzake. Kiswidi mimi nasikia cha kununua maziwa na cha kujibu daktari, lakini yeye alikuwa anakikata vipandevipande hata mimi nikapata. "Na hapa... marafiki... ndipo bibi wa nyumba... alipokuwa anakamua... matunda yake." Ati zamani hawakuwa na zabibu, baridi inaziua, wakawa wanatengeneza na yale matunda madogomadogo meusi na mekundu ya vichakani. Zabibu zimekuja juzi, baada ya jua kuanza kukaa. Akatupeleka kuziona. Mashina membamba, yamefungwa kwa waya kama wagonjwa wa mifupa, na vitunda vidogo kama mbegu za papai. Mama ya kijana akainama, akaangalia moja kwa heshima. Hhup.

Stoo ilikuwa na baridi, nikasema hapa ndipo wanapoweka Novemba. Mapipa pande zote mbili, harufu ya mbao na siki. Pale harufu ilinishika kidogo. Mamangu alikuwa anakamua miwa na wenzake kwa pombe ya wazee, na sisi wasichana tunabeba maji, na nyumba nzima inanuka hivyo, utamu unaogeuka kuwa ukali. Mimi mwenyewe niliitwa siku moja kutoka kwa maji hayo, mikono imelowa, nikaulizwa. Nilionja. Sikuwa nimelazimishwa, nisimsingizie mtu. Na kulikuwa na msichana mmoja wa ng'ambo ya bonde, yeye alishika kikombe akakaa nacho mpaka povu likaisha, hakuonja wala hakurudisha, na wazee wamekaa kimya wanatazama chini. Wale wageni wakainuka polepole wakabeba vyao. Nakumbuka nilivyomuonea huruma kijana. Lakini hakuna aliyemkemea msichana. Hata mamangu, ambaye alikuwa anakemea mvua, alinyamaza.

Goti likaniambia tukae.

Tukakaa. Mwisho wa stoo kulikuwa na meza ndefu, glasi zimepangwa, na katikati ndoo nyeusi ndogo nzuri, nikadhani ni ya kuoshea mikono kama nyumbani. Wageni wengine walikaa upande wao, mzee na mke wake na watu wawili wa simu. Msichana wa aproni akamimina kidogo kwa kila mtu, akaeleza, na hapo alieleza haraka, sikumpata, na binti yangu alikuwa anasinzia ameketi wima kama askari. Nikasikia tu kwamba hii itanuka nyasi na ngozi ya farasi. Nikanusa. Mimi nikapata siki. Labda farasi wao ni tofauti.

Nikamgusa binti yangu na kiwiko. Akaamka, akaniangalia, akaelewa. Akavuta sweta yake ikakaa vizuri, kama tuko kanisani. Mimi nikainua ile glasi, nikamgeukia mjukuu wangu, na nikaongea polepole, Kiswahili cha kunyooka ili asipotee hata neno moja.

"Mjukuu wangu. Hii pombe ya hawa watu, tunywe?"

Akaniangalia na yale macho ambayo vijana wanawaangalia nayo wazee wanaoomba ruhusa ya kula. Akajibu Kiswahili, nikaona, mambo yamekuwa mazuri.

"Kunywa tu, shosho. Lakini kidogo, juu ya ile dawa yako ya presha."

Halafu akachukua glasi yake. Akanusa. Akaweka mdomoni. Mimi tayari nimenyoosha mkono kuipokea. Nikaona mashavu yake yanazunguka, huku na huku, kama mtu anayesukutua. Akainama mbele ya mama ya kijana, akavuta ile ndoo nyeusi, akatema.

Yote. Na akajipangusa mdomo na tishu.

Nimeishi miaka mingi, nimeona msichana amekataa kuonja. Kutema, sijaona. Kutema hata kwa hadithi sijasikia. Mkono wangu ulikuwa bado hewani. Binti yangu alinishika kiwiko kwa nguvu ya kumgeuza mgonjwa kitandani, akaniambia kwa lugha ya kwetu, mama, ametema. Nikamwambia nina macho.

Na kijana amemeza yake. Na mamake amemeza yake, akainua glasi kutuelekea: "Skål." Sisi tukaweka zetu chini, polepole, zote mbili. Ungefanya nini? Msichana ametema, wewe umeze? Utameza kwa niaba ya nani?

Mama ya kijana akatuangalia. Akaangalia glasi. Masikio ya kijana yakaanza. Akamnong'oneza msichana, msichana akainua mabega, na yule wa aproni akaja mbio na sauti yake ya kuamsha watoto: "Kwa wale... wasiotumia pombe... tuna maji ya tufaha." Ati ni dini yetu. Wakatuletea glasi mbili za juisi, na kijiti cha kunywea. Nikanyonya. Mwanamke wa umri wangu, kwenye siku ya kuposwa mjukuu, nanyonya juisi na kijiti.

Ikaja ya pili. Msichana akazungusha, akatema. Ikaja nyekundu, akatema. Kila akiinama kwenye ile ndoo, binti yangu anafumba macho. Nikaona yule mzee wa upande wa pili naye ametema, nikadhani imemkwama. Mama ya kijana, maskini, alikuwa anazungumza kwa Kiingereza na binti yangu juu ya maua ya ukumbi, kama yatakuwa meupe au ya bustanini, na binti yangu anamjibu, "Yes, yes," huku machozi yako hapa. Mama akadhani ni furaha. Akampigapiga mkono. Hhup, akasema, hhup.

Wengine walipokwenda duka la hapohapo kununua chupa, nikamwambia msichana anipeleke nje, goti linataka jua. Kulikuwa na benchi ukutani. Tukakaa. Nilikuwa nimechoka ule uchovu ambao hata kukasirika ni kazi.

"Umetema," nikamwambia.

"Nini?"

"Ile waini. Umetema mbele ya mama ya watu."

"Shosho, mimi naendesha. Hapa hata ukinywa kidogo polisi wanakupulizisha kipimo, unapoteza leseni. Ndoo ni ya hiyo. Kila mtu anatema, mwanamke alieleza."

Nikaanza kucheka, ile ya tumbo, isiyo na sauti, mpaka goti likauma. Nikamwambia yote. Pombe katikati, kikombe, swali, mjomba wake anayengoja na kisu chake huko nyumbani. Nikamwigizia mamake alivyonishika kiwiko, na kijiti changu cha juisi. Akacheka naye, akaweka kichwa begani kwangu, akasema kwa Kiswidi Mungu wangu, Mungu wangu.

"Sasa si hakuna neno," nikasema. "Kijana amenunua chupa. Jioni tukifika, umeweka gari, tunaifungua. Nakuuliza tena, unaonja, nakunywa, tunampigia mjomba wako. Tumemaliza."

Kichwa kikatoka begani.

"Ama nikuulize sasa? Si lazima iwe na pombe kwa kuuliza."

Chini kule tuliona kijana ametoka dukani, ana mfuko wa chupa mkono huu na mkoba wa mamake mkono ule, anatutafuta, shingo mbele.

"Niulize," akasema.

"Hii pombe ya hawa watu, tunywe?"

Yeye ni mtu wa kujibu kabla hujamaliza, tangu mdogo. Nikangoja. Nyuki akaja akazunguka aproni ya mtu iliyotundikwa mlangoni, akaenda.

"Shosho, wewe ndiye wa kwanza kuniuliza."

"Si yeye alikuuliza? Nilionyeshwa picha. Amepiga goti."

"Ilikuwa midsommar, ile sikukuu yao ya kiangazi. Kwa shangazi yao. Wamekaa wote kwenye meza, amepiga goti kwenye nyasi, wote wameshika simu. Mama yake analia. Ungesema nini? Nikasema ja. Halafu ukumbi, halafu gauni, halafu mama anabadilisha zamu, halafu wewe na tiketi yako. Kila mtu alikuwa ananiuliza rangi. Rangi ya maua, rangi ya viatu. Hakuna mtu ameniuliza kama nataka."

"Ni mbaya?"

"Sio mbaya. Ndiyo shida. Ni mzuri kabisa."

"Basi?"

Akaangalia mikono yake. Akasema kwa Kiswahili, taratibu, kama anaokota neno mojamoja sakafuni: "Ukiniuliza vizuri hivyo, sijui. Sina ndiyo. Nimeitafuta njia yote."

Mimi sitadanganya hapa. Kitu cha kwanza nilichoona ni mabati yangu. Cha pili, Novemba. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni, yale tunayoambiwa wote, kwamba mapenzi yanakuja na sufuria, kwamba mwanaume mpole haokotwi, kwamba hata mimi sikujua. Yote ni kweli. Ningeyasema vizuri, kwa sauti ya pasta, kwa sauti ya mamake, angeonja jioni hiyohiyo. Huyu mtoto anaamini kila nisemacho tangu nilipomwambia mwezi unatufuata.

Nikayameza. Ndicho kitu pekee nilichomeza siku hiyo ukitoa juisi.

"Kama hujui, hujaonja," nikamwambia. "Na kama hujaonja, hakuna aliyekunywa. Sio hasira, sio matusi. Kwetu ni hivyo tu. Na huulizwi sababu."

"Na ukumbi?"

"Ukumbi hauolewi."

"Na wewe? Tiketi?"

"Mimi niinue, benchi hii ni mawe."

Tukaagana na mama ya kijana hapo mlangoni. Alinikumbatia, mifupa mitupu, akamwambia binti yangu kwamba next time atatafuta mahali pasipo na pombe, ametuonea aibu. Binti yangu akamshika mkono. Mimi nikamshika yule mama mkono wa pili, juu ilikuwa vibaya kumuacha hivyo, nikamwambia kwa Kiswidi changu cha maziwa, asante, chakula kizuri. Hakukuwa na chakula. Hhup, akasema.

Kwenye foleni ya feri tulikuwa gari la kwanza. Feri ilikuwa bado ng'ambo. Msichana akazima injini, na kabla hatujapumua simu ya binti yangu ikalia, na ilikuwa ni yeye, mwita ng'ombe. Binti yangu akanipa. Nilidhani bado anajua ile ya kutema tu. Sikuwa nimempata peke yake nimwambie.

"Mama. Mmekunywa? Nimekaa na wazee hapa wawili."

"Hatujakunywa."

"Mmechelewa?"

"Hatujachelewa. Msichana ameulizwa na hajaonja."

Nikasikia kuku huko kwake.

"Amekataa?"

"Nimesema hajaonja. Wewe ni mtu mzima, unajua tofauti. Waambie hao wazee warudi nyumbani, na uwape chai."

"Lakini mama, kuna ukumbi. Kuna wewe. Si ulisema—"

"Nilisema. Sasa nasema hili."

Alivuta pumzi ya kuniuliza sababu, nikaisikia, halafu akaikumbuka sheria mwenyewe, akaiachia. "Sawa, mama," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijaisikia tangu avae kaptura.

Binti yangu alikuwa amegeuza uso dirishani. "Mum, ni kweli? Si alitema kwa sababu anaendesha?" Kwa hivyo alikuwa ameshaijua ndoo, mama ya kijana alimweleza dukani, akakaa na furaha yake njia yote akingoja jioni. Nikamshika mkono. Ulikuwa baridi.

"Nilimuuliza mara ya pili," nikasema. "Bila pombe."

Kijana haelewi Kiswahili lakini si mjinga. Alikuwa ameangalia uso mmoja baada ya mwingine. Akamuuliza msichana jambo, polepole. Msichana akatoa funguo, akaziweka kwenye dashibodi, akashuka. Yeye akashuka. Wakasimama pale kando ya maji, karibu na kizuizi, na sisi tukabaki na chupa zao kwenye mfuko.

Sikusikia na nisingeelewa. Yeye msichana ndiye alikuwa anaongea, mikono kwenye mifuko. Kijana hakushika kichwa, hakupiga kelele. Alikuwa anaitikia kwa kichwa, kidogokidogo, na masikio yake hayakuwa mekundu hata. Yalikuwa meupe. Hapo ndipo nilipomlilia, sio ndani ya stoo. Binti yangu akanipa tishu, akachukua moja yake.

Feri ikafika. Mlango wa chuma ukashuka. Magari yakatoka, na mtu wa feri akatupungia mkono tuingie, na kiti cha dereva kiko tupu. Nyuma yetu palikuwa na foleni mpaka kwenye kona. Nyumbani wangepiga honi, wangeshuka, wangetuuliza kama tumenunua barabara. Hawa hawakupiga. Walikaa tu, mikono kwenye usukani, wanaangalia pembeni, na yule mtu wa feri akashusha mkono wake akaangalia maji.

Mwishowe kijana akamkumbatia, akamwachia. Akaja dirishani kwangu. Nikashusha kioo.

"Mormor," akasema, akaweka mkono mlangoni.

Nikamshika shavu. Nilimwambia kwa Kiswahili, juu lugha yake haikunitosha: "Hujakosea kitu, baba." Akaitikia kama ameelewa. Akapanda ile barabara ya kilimani kwa miguu, kwenda kwa mamake.

Msichana akaingia, akafunga mkanda, akawasha gari. Akaliingiza kwenye feri sawasawa mpaka mbele kwenye mnyororo, akapiga breki. Feri ikaanza kwenda.

"Amesema atamwambia mama yake mwenyewe," akasema. "Amesema asante kwa kumwambia sasa." Baada ya kidogo: "Simaanishi sitawahi, shosho. Sijui tu."

"Nimesikia."

Binti yangu alijiegemeza kwangu, uzito wake wote, kama alipokuwa mtoto mgonjwa. "Mum, utanunuliwa koti lingine kabla ya Novemba," akasema, macho yamefungwa. "Lile la zamani zipu imekufa."

"Nitalivaa hivyohivyo na pini."

"Utanunuliwa."

"Basi lisiwe jeusi. Nimechoka na jeusi."

Msichana akaniangalia kwa kioo. Akaniuliza kama goti linauma. Nikamwambia linauma, aangalie mbele, tunafika.